Ndoa inaanza siku gani? Fikara juu ya maneno ya mchungaji

Hapa kwetu Kivu, ukimuuliza mwanaume wa miaka 35 kama amekwisha kuoa, mara nyingi hatakupa jibu la ndiyo ao hapana. Atakuambia: « Niko na bibi, tuko na batoto batatu, lakini hatuyafunga ndoa. » Na wewe hutashangaa, kwa sababu jibu hilo umelisikia mara nyingi, pengine nyumbani mwako mwenyewe. Lakini tukilitazama vizuri, ndani yake mna swali gumu. Kama yuko na bibi, ni kitu gani ambacho bado hakijafungwa? Na kama hakuna ndoa, yule mama anayeamka saa kumi na moja ya asubuhi kwenda kuuza makala kwenye soko la Kadutu ili watoto wapate minerval ni nani kwake? Mchumba? Rafiki? Mpangaji?

Katika kurasa hizi tunataka kuchunguza swali hilo: ndoa inaanza siku gani, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba imeanza? Si swali la vitabu tu. Kwa jibu lake, kuna watu wanaonyimwa Meza ya Bwana, kuna watoto wanaokataliwa ubatizo, na kuna wajane wanaofukuzwa nyumbani.

1. Milango mitatu

Wazee wetu walijua mlango mmoja tu, ule wa ukoo. Lakini mlango huo haukufunguliwa kwa siku moja. Kwanza ukoo wa kijana uliuliza-uliza kimya juu ya ukoo wa binti: kuna undugu wa damu? kuna ugomvi wa zamani? Kisha walituma msemaji kupiga hodi, na kinywaji mkononi. Kisha mazungumzo ya mali. Kisha mali yenyewe ililetwa, ng'ombe kwa Bashi, mbuzi kwa Banande, kila kabila na desturi yake. Kisha binti alisindikizwa. Na hata hapo, wengi walingojea mtoto wa kwanza ndipo waseme kwamba nyumba imesimama. Ungewauliza ni siku gani hasa wawili hao walipokuwa bwana na bibi, wangekucheka. Ni sawa na kuuliza muhindi umeiva saa ngapi.

Mlango wa pili ni wa Serikali. Sheria ya familia ya tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 2016, inatambua namna mbili za kufunga ndoa: katika ukoo kwa kufuata mila, ao mbele ya ofisa wa etasivili. Ile ya ukoo inatakiwa kuandikishwa ofisini katika muda wa mwezi mmoja. Ile ya kanisa peke yake, Serikali haiihesabu kuwa ndoa.

Mlango wa tatu ni wa kanisa. Uliletwa na misioni, za Kikatolika na za Kiprotestanti, na leo makanisa ya uamsho nayo yana mlango wake. Hapo ndipo tunapoona kanzu nyeupe, pete, kwaya, na keki.

Milango mitatu si vibaya. Ubaya ni kwamba kila mwenye mlango anasema wake ndio wa kweli. Baba mkwe anasema: bila mali, huyu ni mwizi wa binti yangu. Komini inasema: bila karatasi, hatuwajui. Mchungaji anasema: bila baraka, mnaishi katika zambi. Na vijana wengi, wakiona milango mitatu na kila mmoja na bei yake, wanabaki nje ya yote. Wanaanza maisha kwa njia ambayo watu wa Kinshasa waliipa jina la Kilingala, « yaka tofanda », maana yake « njoo tuikale ».

2. Maneno ya mchungaji

Tumemsikiliza mchungaji mmoja wa hapa mjini, mzee ambaye wengi wetu tumemsikia akihubiri siku za ndoa na siku za kilio. Si mtu wa kelele. Mawazo yake juu ya jambo hili ameyasema mara nyingi mbele ya watu, na yanastahili kupimwa kwa heshima.

Neno lake la kwanza ni kwamba ndoa ni agano. Si mapatano ya watu wawili waliopendana, ambayo yanaweza kufutwa siku upendo unapopoa. Mungu ni shahidi wake, na ushirika wa waamini pia. Kwa hiyo wanaoishi pamoja bila kulifunga agano hilo hawakaribii Meza ya Bwana, hawaimbi katika kwaya, wala hawapewi kazi kanisani.

Neno lake la pili ni juu ya vijana. Anasema kanisa lisilo na nizamu ni kama nyumba isiyo na mlango: kila upepo unaingia. Kama aliyengoja na ambaye hakungoja wanaketi benchi moja, nani atangoja tena?

Neno lake la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Anasema kila mwaka anapokea wamama wanaokuja na mtoto mgongoni, wameachwa. Anapowauliza nani alikuwako siku walipoanza, wanasema hakuna. Na hapo anatoa fundisho lake: kama hakuna mtu aliyesimama siku ya kuanza, hakuna mtu wa kusimama siku ya kuvunjika.

Siku moja, katika mkutano wa parwasi, baba mmoja wa makamo alinyanyuka akamuuliza: « Pasta, siye na mama tuko pamoja tangu myaka kumi. Meza munatunyima. Kwaya munatunyima. Lakini sadaka yetu munaipokea. Ile inapita mlango gani? » Watu walicheka. Mchungaji hakucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba swali hilo ni la kweli na kwamba atalibeba. Sisi pia tunalibeba, na tunajaribu hapa kulitafutia jibu.

3. Hesabu ya kijana

Kabla ya kuhukumu, tufanye hesabu kama tunavyowafundisha watoto darasani. Tuseme ukoo wa binti umeomba ng'ombe watano. Siku hizi ng'ombe hao wengi hawana mikia. Wanaitwa ng'ombe, lakini wanahesabiwa kwa dola. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilimaliza mifugo milimani kwetu, na jina la ng'ombe likabaki peke yake, kama ganda la nyoka. Tuseme kila ng'ombe anahesabiwa dola 400. Jumla ni dola 2.000. Kijana wetu ana kazi ndogo, na akijinyima sana anaweza kuweka dola 20 kila mwezi. Atahitaji miezi 100, maana yake miaka 8 na miezi 4. Na bado hatujaandika koti ya baba, kitenge na blanketi ya mama, wala kinywaji cha wajomba.

Sasa tuongeze sherehe. Tuseme sale, vyakula, kanzu na gari ni dola 1.000 tu, ambazo wengi watasema ni kidogo. Ni miezi mingine 50. Jumla miezi 150, miaka 12 na nusu. Alianza kuweka akiwa na miaka 25; atafunga ndoa na 37. Hapo hatujahesabu ugonjwa, wala deni, wala kukimbia vita na kuacha kila kitu, mambo ambayo watu wa Goma na Bukavu wameyaona tena mwaka 2025.

Ni mfano tu, na kila mtu anaweza kubadilisha namba. Lakini namba zozote utakazoweka, utaona kitu kimoja: mara nyingi kinachowatenga watu na ndoa si kukosa ahadi. Ni kukosa feza. Mwanaume aliyeishi na bibi yake miaka kumi, akamuuguza, akasomesha watoto wake, ahadi anayo. Na yule tajiri anayefunga ndoa kwa fahari kubwa siku ya posho, kisha mwaka wa pili ana nyumba ya pembeni katika kartie nyingine, yeye ana karatasi na picha. Kanisa linamruhusu wa pili kukaribia Meza, mradi habari hazijafika kwa mashemasi, na linamzuia wa kwanza. Hapo hatusemi kwamba sheria ya kanisa ni mbaya. Tunasema kwamba inapima kitu ambacho si kile ilichotaka kupima.

Wengine watajibu: basi lawama ni ya mila, tuondoe mali. Hatukubali. Mali ya zamani ilikuwa na akili yake. Ng'ombe aliyeingia kwa ajili ya dada alitoka kwa ajili ya kaka. Hakuliwa na baba peke yake. Alitembea kutoka ukoo hadi ukoo, na kila alipopita aliacha watu wanaodaiana heshima. Tena deni la mali halikuzuia nyumba kuanza: sehemu ililetwa, nyingine ikangojea, hata miaka. Tulichokiharibu si mali, ni huku kungoja. Dola haizai ndama. Inaingia mfukoni na inakwisha, kwa hiyo baba mkwe wa leo anaitaka yote siku moja.

4. Kanisa lenyewe lilikojifunzia

Wengi wetu tunaamini kwamba ndoa ya kanisa, na padri ao mchungaji mbele ya altare, imekuwako hivyo tangu Yesu. Historia haisemi hivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, Isaka anamwingiza Rebeka katika hema ya mama yake, na tangu siku hiyo ni mke wake. Hakuna kuhani pale. Yakobo anatumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na baba mkwe anamdanganya na kumpa Lea. Kisha nini? Wanapatana miaka saba mingine. Lakini Yakobo hakungoja miaka hiyo iishe. Baada ya juma la arusi la Lea alipewa Raheli, na deni akalilipa nyuma, kwa kutumika. Kwa neno la siku hizi, babu yetu katika imani alioa kwa deni, na Maandiko hayamwiti Raheli mchumba wake.

Katika Eklezia Katolika ya Ulaya, kwa karne nyingi, ndoa ilikuwa halali kwa mapatano ya wawili wenyewe, hata yaliyofanyika kwa siri. Eklezia ilikataza siri hiyo, lakini haikusema kwamba si ndoa. Ni Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliotoa amri kwamba ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi wawili ao watatu, bila hivyo si halali. Na kwa nini walibadilisha? Kwa sababu ya wanaume waliooa kwa siri, kisha wakamwacha mke na kufunga nyingine hadharani, na mke wa kwanza akakosa mtu wa kumshuhudia. Maana yake, hata kule shida ilikuwa ile ile ya mamama wa mchungaji wetu. Na dawa iliyotafutwa haikuwa karamu, ilikuwa mashahidi.

Hata leo, sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1116, inakubali kwamba mahali ambapo inaonekana padri hatapatikana kwa muda wa mwezi mmoja, wachumba wanaweza kufunga ndoa halali mbele ya mashahidi peke yao. Tunaona basi kwamba padri anaweza kukosekana, lakini mashahidi hapana. Keki haikutajwa.

Wanafikra wetu wameyasema haya kabla yetu. Padri Vincent Mulago gwa Cikala, mwana wa Bushi, mmoja wa wale mapadri weusi walioandika pamoja kitabu maarufu cha mwaka 1956, alitoa kitabu kizima juu ya ndoa ya mila ya Kiafrika na ndoa ya Kikristo. Padri Bénézet Bujo, aliyezaliwa Ituri, aliyefundisha maadili kwenye chuo kikuu cha Fribourg huko Uswisi na aliyefariki mwaka 2023, alieleza kwamba ndoa kwetu ni safari yenye hatua, na kwamba kanisa lingepaswa kuzitazama hatua hizo badala ya kuhukumu kana kwamba kuna mstari mmoja tu: upande huu zambi, upande ule ndoa.

5. Meza na aibu ya maskini

Turudi kwenye Meza ya Bwana, kwa sababu hapo ndipo maumivu yalipo. Katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11, mtume Paulo anawakemea waamini kwa ukali. Wengi wetu tunakumbuka onyo lake juu ya kula isivyostahili, na ni onyo hilo linalosomwa kila wakati wa kuwatenga walio katika yaka tofanda. Lakini tusome kuanzia juu. Kosa la Wakorinto lilikuwa nini? Wenye vitu walikuja na vyakula vyao, wakala na kulewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa, wakiona haya. Paulo anauliza kama wanataka kulidharau kanisa la Mungu na kuwaaibisha maskini. Huko ndiko kula isivyostahili alikosema kwanza.

Tunasema kwa unyenyekevu, sisi si wateolojia: inaonekana ajabu kwamba sura iliyoandikwa kuwatetea waliokosa imekuwa sura ya kuwafukuza. Mama ambaye ukoo wake umeomba ng'ombe wasiopatikana, na ambaye Jumapili anabaki kwenye benchi wakati wenzake wanasimama, anaona haya mbele ya watoto wake kwa deni ambalo si lake. Si yeye aliyeliweka, si yeye atakayelilipa, si yeye atakayelila.

Tena adabu hii haianguki sawa. Binti akipata mimba, tumbo linamshitaki, anatolewa katika kwaya. Kijana anaendelea kupiga gitaa, kwa sababu gitaa halioneshi kitu. Nizamu inayoona tumbo tu na haioni moyo wala mfuko haijafika bado kwenye haki.

6. Lakini mchungaji ana haki mahali fulani

Tusije tukaanguka upande wa pili. Kuna wasomi wanaosema: mapenzi yanatosha, karatasi na wazee ni mizigo ya zamani. Tunaloliona katika kartie zetu linawapinga.

Baba anakufa. Kilio hakijamalizika, ndugu zake wanakuja kuhesabu viti na mabati. Wanamwambia mama: « Wewe ni nani hapa? Nani alikukowa? » Sheria ya familia inampa mjane nafasi katika uriti na katika nyumba aliyoishi na mume wake, lakini inampa mjane, si mtu aliyekuwa anaishi pale. Kama hakuna karatasi, wala mzee wa kusema « mimi nilikuwako, nilipokea mbuzi kwa mikono yangu », atatoka na watoto na godoro.

Ao mama ndiye anayekufa. Ukoo wake unakuja na kusema hazikwi mpaka mali yote itolewe. Maiti inangoja, mume anazunguka kukopa, watoto wanatazama. Wanaofanya hivyo wanasema ni mila. Lakini mila iliyojua kungoja miaka kwa ng'ombe wa mwisho haikuhitaji kumshika marehemu rehani. Haya ni matunda ya nyumba ambayo hakuna aliyeishuhudia kwa wakati wake.

Kwa hiyo neno la tatu la mchungaji ni la kweli: asiyesimama siku ya kuanza hatasimama siku ya kuvunjika. Na hapo ndipo tunapofika kwenye jibu letu. Ndoa haianzi siku ya kulipa mali yote, wala siku ya kanzu nyeupe. Inaanza siku wawili wanapopeana ahadi mbele ya watu wanaokubali kuibeba ahadi hiyo pamoja nao. Bila ahadi, karamu ni mchezo. Bila watu wa kuibeba, ahadi ni maneno ya usiku. Mali ni alama ya ukoo kukubali kubeba. Karatasi ni alama ya nchi kukubali. Baraka ni alama ya kanisa kukubali, na kwa anayeamini, alama kwamba Mungu mwenyewe amekubali. Alama ni kitu kikubwa. Lakini alama ikigeuka kuwa bei, inawazuia wale wale iliyowekwa kuwalinda.

Na kama ni hivyo, swali linageuka. Tulikuwa tunawauliza vijana: kwa nini hamfungi ndoa? Sasa vijana wanaweza kutuuliza sisi, wazazi, wazee na viongozi wa makanisa: kwa nini mnakataa kuwa mashahidi wetu mpaka tuwalipe?

7. Tunaloweza kufanya

Kwanza, tujue sheria. Kifungu cha 361 cha Sheria ya familia kinataka mali iwe imetolewa walau kwa sehemu kabla ya ndoa kufungwa, na kinasema kwamba inaweza kuwa ya alama tu, hata kama desturi inasema kingine. Mbuzi mmoja aliyepokelewa mbele ya wazee anatosha kufungua mlango. Wengine wanaweza kufuata nyuma, kama miaka saba ya pili ya Yakobo. Wazee wetu hawangeona ajabu, ndivyo walivyofanya.

Pili, makanisa. Kuna parwasi za hapa Kongo ambazo zinabariki ndoa nyingi kwa pamoja, siku moja, keki moja, kwaya moja. Wengine wanazidharau na kuziita ndoa za maskini. Sisi tunaona ni kinyume: hapo kanisa limekumbuka kazi yake. Lakini isiwe kuwaita watu siku ya sherehe tu. Mashemasi wangeweza kwenda mapema kukaa na koo mbili, kuomba ng'ombe watano wawe wawili, na kuandika lililobaki. Baba mkwe ambaye ni shemasi hawezi kumnyima kijana binti kwa ajili ya mali siku ya posho, kisha Jumapili kumnyima Meza kwa sababu hajaoa. Achague moja.

Tatu, nizamu iulize swali lingine. Badala ya « mmefunga ndoa? », iulize: mmeahidiana? nani anajua? mmefika wapi katika hatua, na ni nini kinachowazuia? Anayezuiwa na uzembe ao na bibi wa pili, aonywe. Anayezuiwa na umaskini, asaidiwe. Wamama wetu wanajua kufanya likirimba kwa ajili ya masufuria na sare. Wangeshindwa kuifanya kwa ajili ya mbuzi wa binti wa kwaya?

Nne, karatasi. Komini nayo ina gharama zake na ucheleweshaji wake, tunajua. Lakini ni ajabu kwamba makanisa mengi yanadai zaidi kile kinachogharimu zaidi, yaani sherehe, na kukumbusha kidogo kile kitakachomlinda mama siku ya kilio, yaani jina lake katika kitabu cha etasivili.

Mwisho

Yule baba aliyeuliza sadaka yake inapita mlango gani alisema bila kujua jambo lenye kina. Sadaka yake inapokelewa kwa sababu haigharimu kanisa kitu. Kumpokea yeye mwenyewe kunagharimu: kunaomba mtu akae na wakwe zake siku nzima, kunaomba mzee mmoja akubali kupunguza ng'ombe, kunaomba ushirika useme mbele ya watu « sisi ni mashahidi wenu, mkigombana mje kwetu ». Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wawili peke yao nao hawafungi ndoa. Tunawafungisha sisi, ao tunawaacha nje.

Wengi watakaosoma kijitabu hiki wana mabinti. Siku moja msemaji wa ukoo mwingine atapiga hodi kwenu na kinywaji mkononi. Kabla hamjaandika orodha ya mali, jiulizeni orodha hiyo itamweka binti yenu benchi gani Jumapili, na siku mume wake atakapokufa, nani ataweza kusema: mimi nilikuwako.